Mitego imejaa inzi, kwa nini maembe yangu bado yana funza?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Nina miembe kama themanini huku Mkuranga: Dodo, Bolibo, na Apple ya kubebesha. Msimu uliopita nilinunua mitego ya inzi wa matunda, ile yenye dawa ya harufu, nikaitundika shamba zima. Kila wiki nilimwaga inzi tele, nikajua nimewamaliza. Wakati wa kuvuna, karibu nusu ya maembe yalikuwa na funza na mteja wa Dar akayakataa. Jirani anasema mitego yenyewe ndiyo inawaita inzi kutoka mashamba mengine. Mwingine ananishauri nitege kwa siki. Nimesikia pia kuna harufu ambayo ukiipaka kwenye tunda inzi hatagi kabisa, na kwamba wale chungu wekundu, maji moto, nao wanamfukuza. Ipi ni kweli? Na hiyo harufu inauzwa wapi?"*

Pole sana kwa hasara, ndugu yangu. Kumwaga inzi kila wiki halafu ukapasua embe ukakuta funza kunavunja moyo, na ni rahisi kudhani umeuziwa dawa feki. Sivyo. Mitego yako ilifanya kazi vizuri, ila kazi yake si ile uliyoitarajia. Inzi uliokuwa ukimwaga karibu wote ni madume, na dume hatagi. Anayeweka mayai ndani ya embe ni jike, naye anafuata harufu nyingine kabisa, ambayo haikuwamo kwenye mtego wako.

Dawa iliyomo kwenye mitego ya aina hiyo kwa kawaida ni methili-yujenoli, kemikali inayopatikana pia katika mimea mingi, zikiwemo baadhi ya aina za mrehani. Nguvu yake kwa inzi iligunduliwa India zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mtafiti aitwaye Howlett aliona inzi wa matunda wakimiminika kwenye mafuta ya sitronela, nyasi ya jamii ya mchaichai, yaliyokuwa yakitumiwa kufukuza mbu, na kwa kufuatilia akagundua mambo mawili: kemikali iliyokuwa ikiwaita ni hiyo, na waliokuja ni madume. Leo tunajua sababu. Dume huila, mwili wake unaibadilisha, kisha anaihifadhi kwenye tezi iliyo karibu na njia ya haja. Jioni anapotafuta mke anaitoa kama manukato, na dume aliyeila huwavutia majike kuliko ambaye hajaila. Kwa hiyo dume anaifuata kwa bidii ya ajabu, lakini jike hana haja nayo.

Hapo utauliza: nikiwamaliza madume, majike si watakosa wa kupandana nao? Wazo hilo ni sahihi na lilishafanikiwa. Katika kisiwa cha Rota, Bahari ya Pasifiki, miaka ya 1960, Wamarekani walidondosha kwa ndege vipande vya ubao vilivyoloweshwa kwa kemikali hiyo pamoja na sumu, na inzi huyu akatoweka kisiwani. Lakini Rota ni kilomita za mraba 85 zilizozungukwa na bahari. Wewe una miembe themanini iliyozungukwa na miembe ya wengine, mipera, michungwa na mikorosho. Dume mmoja aliyesalia anatosha majike wengi, na jike anaweza kupandwa shambani kwa jirani jioni akaja kutaga kwako siku nyingine. Mitego michache ndani ya shamba dogo inakuonyesha kuwa inzi wapo na wanaongezeka lini. Kulinda matunda peke yake haiwezi.

Jirani yako amepata nusu ya ukweli. Mtego unaita, tena kutoka mbali, ila unaita madume. Kwa hiyo sikubaliani naye kwamba mitego ndiyo iliyokuletea funza. Kosa lilikuwa kuitegemea mitego peke yake.

Habari ya siki ni suala la kuchanganya wadudu wawili. Kuna vile viinzi vidogo vya kahawia vyenye macho mekundu vinavyozunguka ndizi zilizoiva mno jikoni. Navyo huitwa inzi wa matunda, na ndivyo vinavyofugwa maabara duniani kote. Hivyo hutaga kwenye tunda lililokwisha kuanza kuchacha, kwa hiyo harufu ya siki kwao ni dalili ya chakula cha watoto. Viko makini kiasi kwamba vina kipokezi maalumu cha harufu ya jiosmini, ile harufu ya udongo uliolowa mvua, ambayo pia hutolewa na baadhi ya ukungu wenye sumu. Watafiti wa taasisi ya Max Planck mjini Jena, Ujerumani, walionyesha mwaka 2012 kwamba kiinzi kikiinusa hiyo tu, kinaacha kutaga hata kama siki ipo. Ni elimu nzuri, lakini haihusu embe lako. Viinzi hivyo haviwezi kutoboa ganda la embe bichi. Ukitega siki shambani utakamata hivyo, na adui yako atapita pembeni.

Adui wako ni mkubwa zaidi, kama milimita nane. Mgongoni ana mistari miwili ya njano, tumboni ana alama inayofanana na herufi T, na mabawa yake ni angavu. Jina lake la kisayansi ni *Bactrocera dorsalis*. Asili yake ni Asia, na alionekana kwa mara ya kwanza Kenya na Tanzania mwaka 2003. Kwanza alidhaniwa kuwa mdudu mpya, akaitwa *Bactrocera invadens*, hadi mwaka 2015 wanasayansi walipokubaliana kwamba ni yuleyule wa Asia. Kabla yake maembe yetu yalikuwa yakishambuliwa zaidi na mwenyeji, *Ceratitis cosyra*, mdogo kidogo, mwenye rangi ya manjano na mabawa yenye mabaka. Katika maeneo ya chini na yenye joto kama Mkuranga, mgeni amemzidi nguvu mwenyeji. Tofauti yao ni muhimu kwa swali lako la harufu ya kumzuia asitage, kama utakavyoona.

Sasa tumtazame huyo jike, maana suluhisho liko kwake.

Anapotoka ardhini kwenye pupa, yaani gamba ambamo funza hugeuka kuwa inzi, mayai yake hayajakomaa. Anahitaji protini ili yakomae, na kwa muda wa wiki moja au zaidi anaisaka kila mahali: kinyesi cha ndege, utamu unaoachwa na wadudu kwenye majani, bakteria walioko juu ya majani na matunda. Katika siku hizo harufu inayomvuta ni ile ya protini inayooza, yenye ukali wa amonia. Mayai yakishakomaa na akiwa ameshapandwa, pua yake inabadilika. Ile harufu ya protini haimshughulishi sana tena, na harufu ya tunda ndiyo inakuwa bwana wake.

Kwa mbali anafuata harufu ya mti na matunda kwa vipapasio vyake. Akikaribia anatumia macho pia, akitafuta kitu cha mviringo chenye rangi ya kuelekea njano. Akishatua, kazi inakuwa ya ladha. Ukisimama kimya chini ya mwembe asubuhi utamwona: anatembea juu ya embe kwa hatua fupi, anagusagusa ganda kwa mdomo na miguu. Miguu yake ina vinyweleo vinavyoonja. Kisha anasimama, anakunja tumbo, anachomeka mrija wa kutagia ndani ya ganda. Hata ncha ya mrija huo inaonja. Mara nyingine anaichomoa bila kutaga chochote, anasogea, anajaribu tena. Akiridhika, anaacha mayai kwa fungu, na pale alipochoma hutoka tone dogo la utomvu ambalo likikauka linabaki kama doa. Palipo na mchubuko au tundu la zamani hupapenda zaidi, kwa kuwa kazi ya kutoboa imeshafanywa.

Ni nini kinamwambia "taga hapa"? Mwaka 2014 watafiti wa India walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kwa kuchuja harufu ya maembe kemikali moja moja. Walikuta chache zinazomfanya jike atage, na iliyomsukuma zaidi iliitwa gama-oktalaktoni, iliyo katika familia ya harufu tamu zinazofanana na za nazi na tunda lililoiva. Jike alitaga hata pale isipokuwapo nyama ya tunda, ilimradi harufu ipo. Maana yake kwako ni kwamba kila siku embe linapozidi kuiva mtini, ndivyo linavyozidi kumwita jike. Embe lililokomaa lakini bado gumu na la kijani haliko salama kabisa, ila lina hatari ndogo kuliko lililoanza kunukia.

Tuje kwenye ile harufu ya kumzuia. Habari uliyosikia si uzushi. Tangu mwaka 1972 ilijulikana kwamba inzi wa tufaha wa Marekani, akishataga, huburuta mrija wake juu ya tunda na kuacha alama ya kemikali. Jike mwingine akiionja anaelewa kuwa tunda limeshachukuliwa, anaondoka. Waswisi walifika mbali zaidi kwa inzi wa cheri: waliitambua kemikali ya alama hiyo na kuijaribu mashambani, na ilipunguza utagaji. Nasi tunayo kazi ya namna hiyo hapa Afrika Mashariki. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, walichapisha mwaka 2017 kwamba kinyesi cha yule mwenyeji, *Ceratitis cosyra*, kina glutathioni, na kwamba kemikali hiyo inapunguza utagaji wake mwenyewe, wa ndugu zake kadhaa, na hata wa inzi wa matikiti. Ilipojaribiwa kwa *dorsalis*, haikumzuia.

Ndiyo maana nilisema tofauti ya wadudu hawa ni muhimu. Mgeni haachi alama ya namna hiyo na haijali ya wenzake. Majike kadhaa wanaweza kutaga kwenye tundu moja. Anachokiheshimu ni kitu kingine: mwaka 2020 watafiti wa China walionyesha kwamba bakteria walioko juu ya mayai yake hulifanya tunda litoe kemikali iitwayo beta-karayofilini, na majike wanaokuja baadaye wakiinusa huliepuka tunda hilo. Njia hiyo inanipa matumaini makubwa, na natamani siku moja mkulima wa Pwani apate kifaa kilichotokana nayo. Kwa msimu huu, mtu akikuletea chupa na kukuapia kwamba ukipaka embe inzi hatagi kabisa, usimpe pesa yako. Mwarobaini una uwezo wa kumpunguzia jike hamu ya kutaga, lakini jua na mvua huuondoa haraka, na kupaka matunda ya mwembe mrefu kila baada ya siku chache ni kazi isiyolipa.

Kwa maji moto, wazee walikuwa sahihi. Chungu hao wekundu wanaoshona majani wamekuwa wakilinda minazi na mikorosho ya Pwani dhidi ya wadudu wafyonzaji kwa muda mrefu. Kwenye miembe, utafiti wa Benin ulionyesha kwamba miti yenye maji moto wengi huwa na funza wachache zaidi. Kilichonishangaza mimi ni majaribio yaliyochapishwa mwaka 2009: maembe ambayo maji moto walishayatembelea, kisha wakaondolewa, yalitagwa kidogo kuliko ambayo hawakuyagusa. Yaani chungu mwenyewe hayupo, lakini harufu aliyoiacha inatosha kumtia jike wasiwasi. Hapo ndipo unapoipata harufu uliyoiulizia, tena bure. Gharama yake ni kwamba wanauma, vijana wa kuvuna watalalamika, na maji moto huwafuga baadhi ya wadudu wanaotoa utamu, hivyo matunda mengine hupata masizi meusi. Kwa maoni yangu, kama tayari wapo kwenye miti yako, usiwachome moto wala kuwapulizia sumu. Vunia jua likiwa halijawa kali, na tumia kikacha chenye mpini mrefu.

Kwa hiyo ufanye nini? Kama ningekuwa na shamba lako, nguvu yangu kubwa ningeiweka kwenye ile wiki ya njaa ya jike, kabla pua yake haijageukia tunda. Tumia chambo cha protini kilichochanganywa na kiuatilifu kidogo, mara nyingi spinosadi. Chambo hicho hunyunyiziwa sehemu ndogo tu ya majani, kama mita moja ya mraba kila mti, upande wenye kivuli, asubuhi. Usinyunyizie tunda wala mti mzima. Jike anakuja kula mwenyewe. Rudia kila wiki tangu matunda yanapoanza kunenepa hadi embe la mwisho litoke, na mvua ikinyesha kabla ya wiki kuisha, rudia. Watu wengi huanza wakishaona funza, na wakati huo majike wengi wameshavuka njaa ya protini. Umeshachelewa.

La pili halina gharama lakini ndilo linalopuuzwa kuliko yote: maembe yaliyoanguka. Embe moja lililooza chini linaweza kuwa na makumi ya funza. Wakishakomaa hutoka, hujikunja na kuruka, wakatafuta udongo laini, wakajifukia sentimita chache tu na kuwa pupa. Wiki moja na nusu hivi baadaye wanatoka wakiwa inzi, chini ya mwembe uleule. Okota angalau mara mbili kwa wiki. Fukia kwa kina cha sentimita 60, au tia kwenye mfuko mweusi wa nailoni, funga vizuri, uache juani siku kadhaa. Usiyatupe kwenye jaa wala pembeni ya shamba. Kuna hema la kuhifadhia maembe mabovu, lenye wavu ambao inzi hawezi kupita lakini vinyigu vidogo wanaoua inzi wanapita. Ni zuri kwa kikundi. Wapo vinyigu wa kuwalinda: icipe ilimleta mmoja kutoka Hawaii mwaka 2006, *Fopius arisanus*, ambaye huingiza yai lake ndani ya yai la inzi. Ukipuliza sumu kali shamba zima, huyo ndiye wa kwanza kufa.

Maembe yako ya Apple, kwa kuwa ni miti mifupi ya kubebesha na bei yake ni nzuri, yafunike kwa mifuko ya karatasi yakiwa na ukubwa wa yai la kuku. Jike asipolifikia ganda hana pa kutaga. Kwa Dodo lenye urefu wa nyumba usijisumbue. Huko vuna mapema, embe likiwa limejaa mabega lakini halijaanza kunukia. Mitego uliyonayo usiitupe: ibakishe michache na uandike idadi kila wiki. Idadi ikianza kupanda, ujue wakati wa chambo umefika.

Sitaki kukudanganya kwamba ukifanya haya peke yako utavuna bila funza. Utapunguza sana, lakini majike wa jirani hawana mpaka. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya mdudu huyuhuyu, na ilipofika 2021 ikaruhusiwa tena baada ya wakulima wa maeneo mazima kudhibiti kwa pamoja. Hata mashamba manne au matano yanayopakana, yakiokota na kunyunyizia chambo wiki moja, mtaona tofauti ambayo mtu mmoja haipati.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha ni inzi kweli. Pasua maembe kama ishirini kutoka miti tofauti. Ukikuta funza weupe ndani ya nyama, ni inzi. Nyama ikiwa safi lakini kokwa lina mdudu ndani, huyo ni fukusi wa kokwa, na chambo cha protini hakitamgusa. Madoa meusi yanayodidimia kwenye ganda bila funza ni chule, ugonjwa wa ukungu, nao una dawa yake. Ukiona vyote kwa pamoja, au funza wakiendelea baada ya wiki sita za chambo na usafi, au mteja wako anataka maembe ya kusafirisha nje, usiendelee kukisia. Weka maembe matano yenye funza hai kwenye chupa pana yenye mchanga kidogo chini na kitambaa juu, umpelekee bwana shamba wa kata, au uombe akuunganishe na TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, au Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Inzi wakitoka kwenye mchanga huo, mtaalamu atawatambua kwa jina, na hapo ndipo atakapojua kama uko na mgeni, mwenyeji, au wote wawili. Muulize pia kiuatilifu gani kimesajiliwa kwa miembe na siku ngapi za kusubiri kabla ya kuvuna, na mtu yeyote akichanganya chambo hicho kisha akaumwa kichwa, kutapika au macho kuwasha, aende zahanati na lebo ya chupa mkononi.